Uzito wa kura moja unategemea inavyohesabiwa

Kazi yangu ni kuchambua matokeo ya uchaguzi, na swali lisiloniisha ni hili: kura moja kati ya mamilioni ina faida gani? Nami huuliza kwanza: unapiga chini ya mfumo upi?

Chukua ule wa jimbo moja, mbunge mmoja, anayeongoza anashinda hata asipofika nusu. Kura za walioshindwa hazizai kiti, na za mshindi zilizozidi mahitaji yake hazimwongezei kitu. Uingereza mwaka 2015, UKIP, chama kilichotaka nchi ijitoe Umoja wa Ulaya, ilipata kura karibu milioni 3.9 ikaambulia kiti kimoja. SNP, chama cha wazalendo wa Scotland kilichosimamisha wagombea huko pekee, ilipata karibu milioni 1.5 na viti 56. Zanzibar, Julai 1963, chama cha ASP (Afro-Shirazi Party) kilipata takriban asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31: ilizoa kura nyingi mno katika majimbo yaliyokuwa yake tayari.

Kwa hiyo ukiishi kwenye ngome ya chama, sikudanganyi, kura yako ya ubunge ni vigumu kubadili mshindi. Penye ushindani mambo ni mengine. North East Fife, Scotland, mwaka 2017, kiti kiliamuliwa kwa kura 2. Mwaka huohuo, katika jimbo moja la uchaguzi la Virginia, Marekani, karatasi moja iliyobishaniwa ilikubaliwa na majaji, wagombea wakafungana kwa kura 11,608 kila mmoja. Ikapigwa kura ya bahati, na aliyeangukiwa na bahati akakipa chama chake wingi wa viti katika baraza la chini la bunge la Virginia, 51 kwa 49.

Mfumo wa uwiano, yaani chama kupata viti kwa kadiri ya kura zake, hufuta tofauti hiyo ya mahali. Afrika Kusini, viti 400 hugawanywa kulingana na kura za nchi nzima. Hata chama chenye chini ya nusu ya asilimia huweza kupata mbunge. Ubaya wake ni kwamba wabunge hutoka kwenye orodha za vyama, na mbunge humwogopa zaidi anayepanga orodha kuliko mpiga kura.

Mimi naegemea njia ya New Zealand. Huko, mwaka 1978 na 1981, chama cha Labour kiliongoza kwa kura kikashindwa kwa viti. Wananchi wakaubadili mfumo kwa kura ya maoni ya 1993. Tangu 1996 kila mtu ana kura mbili: moja ya mbunge wa jimbo, nyingine ya chama, na hii ya pili ndiyo hasa inayogawa viti.