Kupima mikoko: dhana potofu na ukweli wa utafiti wa uwandani

Huko Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, wanakijiji hulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti yao. Mradi wao wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013 katika hekta 117 za msitu, na mapato yake yamesaidia maji na shule za Gazi na Makongeni. Nyuma ya malipo hayo kuna watu walioshuka topeni na utepe, wakapima shina moja baada ya jingine. Ndiyo maana huumia nikimsikia mwanafunzi wa ikolojia ya mimea akisema kazi ya uwandani ni kutembea na kuhesabu. Kazi hii hufundishika, tena kwa haraka, lakini wengi hufika ufukweni na fikra zinazoharibu data kabla hawajalowa miguu.

"Tutafute mahali msitu unapopendeza"

Hii naiona kuwa dhana yenye madhara kuliko zote. Jicho hupenda miti mirefu, ardhi ngumu na njia iliyokwisha kukanyagwa. Ukiliachia lichague ploti, yaani vipande vya msitu vya kupimia, utarudi na msitu ambao haupo.

Kwenye mikoko kosa hili huonekana waziwazi kwa sababu wakataji nao huchagua. Biashara ya miti ya kujengea ina madaraja yake ya tangu zamani: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ina kipenyo cha sentimita 11.5 hadi 13.5 hivi, na ndiyo inayotakiwa sana kwa nyumba. Basi karibu na mahali vyombo vinapotia nanga, miti ya unene huo huwa imepungua na vijiti vyembamba vimebaki. Ukiweka ploti zako tatu hapo kwa kuwa ni karibu na mtumbwi, utadhani msitu mzima ni mchanga. Ukiruka hapo ukaenda palipofungamana kwa kuwa panapendeza kwenye picha, utadhani hakuna anayekata.

Ukweli ni kwamba mahali pa ploti huamuliwa kabla ya kutoka nyumbani. Unachora kwenye ramani mistari inayotoka baharini kuelekea nchi kavu, kwa kuwa mimea hubadilika kufuatana na kina na muda wa maji kujaa. Mwanzo wa kila mstari unaupata kwa namba za bahati nasibu. Kisha unapanga ploti za mita 10 kwa 10 kwa umbali mliokubaliana, tuseme kila mita 50. Ukifika mita ya 150 ukakuta uwanda wa chumvi na visiki vitatu, husogei. Unafunga kamba papo hapo, unaandika visiki, na kwenye safu ya miti hai unaandika sifuri. Sifuri hiyo ina thamani sawa na ploti yenye miti 40.

Mipaka nayo ina nidhamu yake. Ploti ya mita 10 kwa 10 ni sehemu moja ya mia ya hekta, kwa hiyo kila mti unaouingiza kwa kuuonea huruma unageuka miti 100 kwa hekta katika hesabu ya ploti ile. Kanuni ni nyepesi: katikati ya shina pakiwa ndani ya kamba, mti unahesabiwa, pakiwa nje, unaachwa, hata uwe mzuri namna gani.

"Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, basi"

Kwa mchu, mojawapo ya aina za miti ya mikoko, sawa. Kwa mkoko wenyewe, *Rhizophora mucronata*, mita 1.3 mara nyingi hukuangusha katikati ya mizizi iliyojipinda kama miguu ya kaa, mahali ambapo hakuna shina la kupima. Hapo hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, na kwenye daftari unaandika kwamba ndivyo ulivyofanya. Asiyeandika anamwachia mwenzake namba asizoweza kuzilinganisha na chochote.

Kwa nini tusumbuke kwa sentimita chache? Kwa sababu uzito wa mti haukui sambamba na kipenyo. Katika hesabu nyingi zinazotumika kukadiria uzito wa mikoko, kipenyo hupandishwa kwa kipeo kinachokaribia 2.5. Ukizidisha kipenyo kwa asilimia 10, uzito unaoukadiria unazidi kwa zaidi ya robo, na hewa ya ukaa vivyo hivyo. Utepe uliolegea, au uliopita juu ya kikonyo cha tawi, unatosha kukufikisha huko.

"Bila vifaa vya ghali huwezi kujifunza"

Utepe wa fundi cherehani unatosha: pima mzingo, gawanya kwa 3.14. Ongeza kamba yenye alama, vigingi vinne na penseli. Penseli, si kalamu ya wino, maana maji ya chumvi yakigusa daftari wino hutawanyika na asubuhi nzima inapotea. Kitu ambacho huwezi kukosa ni jedwali la maji kujaa na kupwa. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, likipwa unapata saa kadhaa za kufika hadi kwenye mililana, miti ya mbele baharini. Siku za maji mafu, yanapopwa kidogo tu, upande huo unaweza usikauke vya kutosha. Atakayekupangia ratiba vizuri ni mvuvi.

"Kila aina ina ukanda wake, kama kwenye mchoro"

Mchoro wa darasani huonyesha mlilana mbele baharini, kisha mkoko, kisha muia na mkandaa, na mchu nyuma karibu na nchi kavu. Ni mwanzo mzuri wa kujifunza, na ni hatari kwa anayeandika anachotarajia badala ya anachokiona. Gazi kwenyewe, mchu huota upande wa bahari na tena upande wa nchi kavu, huku katikati pakitawaliwa na aina nyingine. Aliyekariri mchoro hupita kwenye mchu wa mbele akaandika mlilana. Angalia chini: mizizi ya mchu hutokeza topeni myembamba kama penseli, ya mlilana ni minene yenye umbo la pia.

"Majina ya wenyeji si ya kisayansi"

Na wako wanaosema kinyume, kwamba jina la wenyeji linatosha. Pande zote mbili zinakosea. Neno mkoko lenyewe humaanisha aina moja na pia msitu mzima. *Bruguiera gymnorhiza* ni muia kwa wengi wa Kenya na msinzi kwa wengi wa Tanzania. Kwa hiyo andika jina ulilopewa, aliyekupa ni wa wapi, na jina la kisayansi baada ya kutazama ua: la muia lina kikombe chekundu chenye meno kumi au zaidi, la mkandaa lina matano. Mzee aliyekata boriti maisha yake yote hutofautisha miti hii kwa gome na mlio wa shoka, na ni ujuzi unaostahili kuandikwa kwa heshima, kwa idhini yake.

"Miti 600 ni sampuli 600"

Umepima miti 300 kwenye hori (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) lililohifadhiwa na 300 kwenye hori linalokatwa, ukataka kusema uhifadhi umefanya kazi. Kwa swali hilo una sampuli mbili tu, kila hori moja. Mwaka 1984 mwanaikolojia Stuart Hurlbert alionyesha jinsi kosa hili lilivyoenea katika majaribio ya ikolojia, na bado tunalifanya. Mahori yanaweza kutofautiana kwa maji yasiyo na chumvi au tope kabla ya shoka la kwanza. Dawa yake ni mahori mengi zaidi, hata ikibidi kupima miti michache katika kila moja.

"Ukishapima miti umemaliza"

Miche huhesabiwa pia, kwa madaraja ya urefu: chini ya sentimita 40, 40 hadi 150, na 150 hadi 300. Msitu wenye miti mikubwa bila miche una habari tofauti kabisa na ule wenye vyote. Tope nalo lichimbuliwe, kwa kawaida hadi mita moja, maana sehemu kubwa ya hewa ya ukaa ya mikoko imo ardhini.

Kisha lazima urudi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi kwenye hori la Mwache, karibu na Mombasa, likafukia mizizi na mikoko mingi ikafa. Anayepima mara moja tu hana njia ya kujua alipima kabla au baada ya jambo kama hilo. Kwa hiyo kila shina lipate kibati chenye namba, na msumari usipigiliwe hadi mwisho. Acha nafasi ya kidole kati ya kibati na gome, mti usije ukakimeza kabla ya wewe kurudi.