Bei ya Chakula Ikipanda, Tunapunguza Nini Kwanza?

Nyumba nyingi za Dar es Salaam hununua chakula kwa siku. Mwenye kipato huacha matumizi asubuhi, na anayebaki nyumbani hupita gengeni kuchukua unga nusu kilo, fungu la nyanya, kitunguu, mafuta ya kupima na mboga ya mlo wa jioni tu. Utaratibu huu hautokani na uvivu wa kupanga, kama baadhi ya watu wanavyosema. Unatokana na kipato kinachoingia siku kwa siku, kutoka kwenye bodaboda, vibarua na biashara ndogondogo. Kwa hiyo bei inapopanda, familia haioni asilimia. Inaona matumizi yaleyale ya jana yakiisha kabla ya kufika kwenye kitu cha mwisho ilichokusudia kununua. Sisi tunaofanya kazi ya lishe tunakiangalia sana kitu hicho cha mwisho, kwa sababu mara nyingi ndicho ambacho mwili wa mtoto ulikuwa unakihitaji kuliko vingine.

Kwa mwezi wa Januari 2023, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitangaza mfumuko wa bei wa mwaka wa asilimia 4.9, lakini kwa chakula na vinywaji visivyo na kilevi mfumuko huo ulifikia asilimia 9.9. Katika kapu la bidhaa linalotumika kukokotoa fahirisi ya bei, yaani kipimo cha mabadiliko ya bei, chakula kimepewa uzito wa takribani asilimia 28, ambao ni wastani wa kaya zote. Kaya yenye kipato kidogo hutumia sehemu kubwa zaidi ya fedha yake kwenye chakula, na kwa sababu hiyo huumia kuliko takwimu ya jumla inavyoonyesha. Mwaka 2024 mfumuko wa jumla ulitulia karibu na asilimia 3. Hata hivyo, mfumuko ukipungua maana yake ni kwamba bei zinapanda polepole zaidi, si kwamba zimerudi zilikokuwa, na mama anayelalamika sokoni wakati redio inasema mfumuko umeshuka hajakosea.

Sababu za kupanda kwa bei hazifanani kwa kila bidhaa, na kuzijua kunamsaidia mnunuzi. Mafuta ya kupikia hufuata soko la dunia, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafuta ya mawese tunayotumia hutoka Malaysia na Indonesia. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilivuruga biashara ya mafuta ya alizeti, na Indonesia nayo ikazuia kwa wiki kadhaa usafirishaji wa mawese yake, na bei ikapanda mpaka kwenye mafuta ya kupima ya Manzese na Mbagala. Nyanya na mboga hufuata mvua na barabara. Mahindi ya nyanda za juu kusini hushuka bei baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, kisha hupanda kuelekea Januari na Februari. Dagaa hufuata mwezi, kwa sababu huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka huadimika. Mnunuzi anayeijua kalenda hii anaweza kuchukua dagaa wa wiki mbili wakati wamejaa sokoni, maana wakikauka vizuri na kufungwa vizuri hawaharibiki upesi.

Sasa turudi kwenye kinachopunguzwa. Katika mafunzo ya lishe ninayoshiriki mitaani, jibu hurudi lilelile: ugali haupungui, kwa kuwa watoto lazima washibe, kinachoondoka ni matunda, halafu maharage au dagaa, halafu mboga inakuwa kijiko kimoja cha kusindikizia tonge. Tumbo linajaa na njaa ya jioni inaondoka, lakini mtoto anakosa protini, madini ya chuma na vitamini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na kwamba asilimia 42 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Udumavu hauanzi na njaa ya siku moja. Hujengeka katika siku elfu moja za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapofikisha miaka miwili, na yanayopotea katika kipindi hicho ni vigumu kuyarudisha baadaye.

Maharage yanastahili maelezo marefu, kwa sababu wengi hawayaachi kwa ajili ya bei ya maharage yenyewe. Wanayaacha kwa ajili ya mkaa. Sufuria ya maharage makavu inaweza kukaa jikoni zaidi ya saa mbili, na mkaa wa kupima ukiongezwa juu ya bei, mboga ya haraka inaonekana kuwa nafuu. Dawa yake ni rahisi: yaloweke usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, kisha chemsha sufuria ikiwa imefunikwa. Muda wa kuiva hupungua sana, na gesi ya tumboni pia. Katika nyumba za kupanga, nimeona majirani wakichemsha sufuria moja kubwa kwa jiko moja na kugawana, kila mmoja akaunga yake kwa nazi au nyanya anavyopenda, na ningependa kuona jambo hilo likifanyika katika nyumba nyingi zaidi. Asiye na jokofu apike ya siku moja tu, kwa maana joto la jiji hili haliruhusu kiporo cha maharage kukaa.

Gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya gramu 20 za protini, na dagaa waliokaushwa vizuri ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wao, pamoja na kalsiamu nyingi kwa kuwa huliwa na mifupa yao. Kiganja cha dagaa waliosagwa na kuchanganywa kwenye uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita kinafanya kazi ambayo vikombe vingi vya uji mtupu haviwezi. Dona pia ni bora kuliko sembe iliyokobolewa, kwa sharti moja ninalolisisitiza: mahindi yawe makavu na yasiyo na ukungu, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Chai iliyokolea inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa mwilini. Kuichelewesha kwa saa moja na kukamulia ndimu kwenye mchicha au matembele ni hatua ambazo karibu hazina gharama. Na fedha inayokwenda kwenye soda na biskuti za watoto, hata ikiwa kidogo, mara nyingi inatosha ndizi mbivu au chungwa la msimu.

Kuhusu ununuzi wenyewe, fungu na kipimo huficha bei. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kama kilo ya maharage ni shilingi 3,200 na kipimo cha shilingi 500 kina gramu 125, anayenunua kwa kipimo analipa shilingi 4,000 kwa kilo, yaani robo zaidi. Aliye na kipato kidogo ndiye anayelipa bei kubwa. Wanawake walio kwenye vikoba wanaweza kutenga sehemu ndogo ya michango yao, wakachukua gunia Tandale au Buguruni baada ya mavuno na kugawana kwa mizani.

Wengi waliamini kwamba supamaketi zingechukua nafasi ya genge. Shoprite iliuza maduka yake kwa Nakumatt mwaka 2014, supamaketi ya Uchumi ikafunga yake mwaka 2015, na Nakumatt nayo haikudumu nchini. Genge bado lipo, kwa sababu liko hatua chache kutoka mlangoni, linauza kwa kiasi cha fedha uliyonayo na lina daftari la mkopo. Sasa simu imeingia katikati: watu wanaagiza mboga kwenye makundi ya WhatsApp, wanalipa kwa namba na bodaboda analeta. Hili linaokoa muda, lakini anayenunua bila kuona wala kushika anahitaji uzito ulioandikwa na bei ya kilo, na nauli ya bodaboda inaweza kuumeza unafuu wote kama oda ni ndogo. Kwa maoni yangu, simu itazisaidia familia za kipato cha chini pale tu itakapotumika kuunganisha oda za nyumba kumi za mtaa mmoja ili ziletwe kwa safari moja, na pale mwenye genge atakapokuwa na mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na bei ya kilo imebandikwa juu ya kila fungu.