Haidra wa kijani hashibi jua

Rangi yake ndiyo inayomponza. Haidra wa kijani, mnyama wa maji baridi mwenye urefu wa milimita chache tu, wengi humdhania mmea, au mnyama anayeishi kwa jua pekee. Hata Abraham Trembley, mtafiti wa viumbe, alibabaika alipomkuta Uholanzi mwaka 1740. Alimkata vipande viwili ili ajue kama ni mmea, na kila kipande kikakua kuwa haidra kamili! Jaribio hilo lilimzidishia utata, kwani kukua upya kutoka kipande ni tabia ya mimea.

Ukijani ule si wake. Ni wa mwani mdogo mno wa jamii ya klorela ulio ndani ya seli zinazozunguka tumbo lake. Mwani hutumia mwanga kutengeneza sukari, kisha humgawia mwenyeji wake, hasa maltosi. Mwani nao hupata hifadhi na naitrojeni kutoka kwake. Wakati wa njaa, sukari hiyo humwezesha haidra kustahimili muda mrefu kuliko haidra asiye na mwani. Lakini sukari peke yake haijengi protini, kwa hiyo lazima awinde: minyiri yake hufyatua vishale vya sumu vinavyonasa viroboto-maji, kisha huwameza wazima. Mmea gani huo?

Mwani wenyewe hurithiwa. Mtoto achipuaye ubavuni mwa mzazi huwa nao tayari.