Kilo zimeshuka, mbona na nguvu nazo zimekwenda?

Nimepungua kilo 28 kwa miezi tisa. Watu wananisifu, lakini ngazi za ghorofa moja zinanihemesha na mtoto wa miaka mitatu namwinua kwa shida. Si ndiyo kwanza nimekuwa mwepesi?

Mwepesi umekuwa kweli, ila mizani inahesabu kilo tu, haikuambii zimetoka wapi. Mtu akipungua kwa kubana chakula peke yake, bila mazoezi ya nguvu, karibu robo ya uzito unaoondoka huwa si mafuta. Ni misuli, pamoja na maji na vinginevyo. Kwa kilo 28, hiyo ni kama kilo 7.

Tena kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Ulipokuwa mzito, mapaja na vigimbi vyako vilibeba mzigo huo kutwa, kila ulipoinuka, kila ulipopanda ngazi. Yalikuwa mazoezi, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo. Sasa mzigo umeshuka, na mwili hauoni haja ya kulisha misuli isiyo na kazi, hasa siku hizi unapokula kwa kupima.

Natembea saa nzima kila siku. Haitoshi?

Usiache, moyo wako unakushukuru. Lakini kutembea hakuilazimishi misuli kuvuta kitu kizito. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye na mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa ya mwili, angalau siku mbili kwa wiki. Wengi tumeshika ile sehemu ya kutembea, hii nyingine tukaiacha.

Sina vyuma, na jimu naona aibu kwenda. Nianzie wapi?

Kwenye kiti. Chagua kigumu kisichoteleza, kiegemeze ukutani. Kaa ukingoni, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, mikono umeikunja kifuani. Inuka huku unatoa pumzi, kisha shuka taratibu ukihesabu moja, mbili, tatu. Usijitupe kama gunia, maana kule kushuka polepole nako ni kazi ya misuli. Usibane pumzi pia, presha hupanda. Fanya mara 8 hadi 12, pumzika, rudia mizunguko miwili au mitatu. Mara mbili za mwisho zikikutoka bila taabu, ujue zoezi limekuwa jepesi.

Hapo chukua begi la mgongoni, tia chupa ya maji ya lita moja. Hiyo ni kilo moja. Baada ya wiki kadhaa tia ya pili. Unayarudishia mapaja sehemu ya ule mzigo yaliouzoea, tofauti ni kwamba huu unautua ukimaliza. Kwa mikono na kifua, piga pushapu za kusimama ukiegemea ukuta. Mgongo nao usiusahau: shika begi hilohilo, inama kidogo, livute kuelekea tumboni.

Lakini misuli itajengekaje na mimi nakula kidogo?

Kujaa sana haitajaa, ila nguvu inaweza kupanda. Wiki za mwanzo neva hujifunza kuitumia vizuri misuli uliyo nayo, hata kabla haijaongezeka unene.

Protini usiibanie. Anayepungua huku akifanya mazoezi hushauriwa gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 80, hiyo ni kuanzia gramu 96. Yai moja kubwa lina kama gramu 6, kwa hiyo mayai mawili ya asubuhi bado hayajakufikisha mbali. Igawe kwenye kila mlo, na kama hamu ni ndogo, anza na samaki, nyama au maharage kabla ya wanga. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii bila kumwona daktari.

Na anayetumia dawa za kupunguza uzito, au aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo?

Hali ni ileile, pengine kali zaidi, kwa kuwa hamu ya kula hupotea. Aliyepasuliwa asinyanyue kitu kizito mpaka daktari wake aruhusu. Na ukiwa kwenye dawa za presha au insulini, kipimo cha zamani kinaweza kukuzidi kadiri unavyopungua. Kizunguzungu ukisimama si cha kuvumilia, karipoti.

Nitajuaje kwamba sipotezi misuli?

Hesabu unaweza kuinuka kwenye kiti mara ngapi kwa sekunde 30, uandike pembeni ya kilo zako kila mwezi. Kilo zikishuka na hesabu ikabaki palepale au ikapanda, endelea. Zikishuka zote mbili, punguza kasi: nusu kilo kwa wiki inatosha. Na kama huwezi kuinuka hata mara moja bila kushika kitu, mwone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia.