Meli Kubwa Haikuokoi: Dhana Potofu za Wanaoanza EVE Online

Mchezaji mpya wa EVE Online akifungua soko la meli kwa mara ya kwanza, macho hukimbilia picha kubwa. Gemu hii ya vita na biashara za anga za juu, ya kampuni ya CCP ya Iceland, ilianza Mei 2003, na tangu hapo imerundika mamia ya aina za meli. Sehemu kubwa ya meli hizo huundwa na kuuzwa na wachezaji wenyewe, na muuzaji hana haja ya kukuuliza kama unajua unachonunua. Meli ikilipuka, imekwenda. Hakuna kurudi kwenye hatua uliyohifadhi. Ndiyo maana maneno yanayopita kati ya wageni kuhusu meli gani ichukuliwe na ifungwe vifaa gani huwagharimu kuliko wanavyodhani.

"Meli ikiwa kubwa, ndiyo kali zaidi"

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Ngazi zinaonekana wazi: frigeti, destroya, kruza, kisha manowari kubwa, na juu kabisa zile titani zenye ukubwa wa mji. Mgeni anaona ngazi, anataka kupanda.

Ukweli ni kwamba ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Kila meli ina kipimo cha jinsi inavyoonekana kwa silaha za adui. Frigeti kama Rifter ina mita 35 tu, wakati manowari kubwa huwa na karibu mita 400. Mizinga mikubwa imetengenezwa kupiga vitu vikubwa, tena hugeuka polepole. Frigeti ikimsogelea mwenye manowari na kuanza kumzunguka kwa karibu, mizinga ile inamfuata bila kumpata, risasi zinapita hewani. Makombora makubwa nayo yatafika, lakini mlipuko wake ukimwangukia mtu mdogo mwenye mbio, madhara yanayobaki ni kidogo tu. Silaha ya manowari dhidi ya mdogo huyo ni droni ndogo, na mgeni aliyekimbilia manowari mara nyingi hana ujuzi wa maana wa droni.

Kuna na suala la kukimbia. Ili meli iruke kwa wapu, yaani ule mruko wa kasi wa kuondoka mahali ilipo, lazima kwanza igeukie inakokwenda na kufikisha asilimia 75 ya mwendo wake wa juu. Frigeti hufanya hivyo kwa sekunde chache. Manowari huchukua sekunde 10 na zaidi, na hizo sekunde ndizo anazozihitaji mwenye kukufunga skrambla, kifaa cha kukuzuia usiruke.

Hata huko juu kabisa ukubwa haujawahi kuwa hirizi. Januari 2014, katika mfumo wa nyota wa B-R5RB, titani 75 ziliteketezwa katika vita moja, na chanzo chake kilikuwa malipo ya umiliki wa mfumo ambayo hayakulipwa kwa wakati. Wenye titani hizo walikuwa wakongwe.

Kwa mgeni, kwa hiyo, frigeti si adhabu ya kuvumilia hadi upate kitu cha maana. Kwa bei ya manowari moja na vifaa vyake unapata makumi ya frigeti zilizofungwa kila kitu, na kila moja itakayolipuka itakuwa imekufundisha jambo. Katika vita vya makundi, frigeti yenye skrambla ndiyo inayomshikilia adui asiondoke hadi wengine wafike. Kiongozi wa kundi atamshukuru mgeni mwenye frigeti kabla ya mgeni mwenye manowari asiyejua kuitumia.

"Nikiweza kuikalia, nimeshaiweza"

Gemu inakuruhusu kuingia kwenye meli mara tu unapofikisha kiwango cha chini cha ujuzi wake. Ruhusa hiyo imewaponza wengi. Kila meli ina faida zake zinazoongezeka kwa kila kiwango cha ujuzi, kutoka 1 hadi 5. Frigeti ya Merlin, kwa mfano, huongeza asilimia 5 ya nguvu za mizinga midogo ya haibridi (blasta na religani) na asilimia 4 ya ukinzani wa ngao kwa kila kiwango cha ujuzi wa frigeti za Caldari, moja ya dola za ndani ya gemu. Mwenye kiwango cha 1 na mwenye kiwango cha 4 wamekaa katika meli yenye jina moja, basi.

Tena hapa kuna hesabu nzuri ambayo wageni hawaambiwi. Ujuzi wa daraja la kwanza unahitaji pointi 256,000 kufika kiwango cha 5, lakini kiwango cha 4 kinafikiwa kwa pointi 45,255 tu. Yaani unapata manne ya tano ya faida kwa chini ya moja ya tano ya pointi. Ujuzi hujengeka kwa saa za kawaida za ukutani, uwe umeingia kwenye gemu au umelala, kwa hiyo kuuchagua vibaya ni kupoteza wiki. Peleka ujuzi mwingi hadi 3 au 4 kwanza. Kiwango cha 5 kiache kwa kitu unachokitumia kila siku au kinachofungua mlango fulani.

Na kabla ya kufikiria meli inayofuata, kuna ujuzi 14 unaosaidia meli yoyote utakayoipanda: wa CPU (uwezo wa kompyuta ya meli), wa gridi ya umeme, wa kapasita (akiba ya umeme), wa ngao, wa bodi, wa mwendo na kadhalika. Wakongwe wameupa jina kabisa, "Magic 14". Si mambo ya kusisimua. Hakuna anayejisifu kwamba amemaliza ujuzi wa gridi ya umeme. Lakini ndio unaofanya vifaa vitoshee.

"Weka ngao, weka na deraya, uwe salama pande zote"

Hapa ndipo mipangilio mingi ya wageni hufia, kwa hiyo tukae kidogo.

Meli ina tabaka tatu za uhai: ngao, chini yake deraya, kisha bodi, yaani mwili wenyewe wa meli. Mgeni anaona tabaka tatu, anazigawia vifaa zote, kama mtu anayegawa pipi. Tatizo ni nafasi. Meli ina nafasi za juu, ambazo kwa kawaida ni za silaha. Nafasi za kati, zinakokaa injini za kuongeza mwendo, skrambla, nyavu za kupunguza kasi na vifaa vya ngao. Na nafasi za chini, zinakokaa vifaa vya deraya pamoja na vile vya kuongeza nguvu za mizinga. Ukijaza ngao umekula nafasi ya skrambla. Ukijaza deraya umekula nafasi ya kuongeza mapigo. Ukijaza zote mbili, umebaki na meli isiyoshika mtu wala kuumiza mtu, na ambayo bado inakufa, kwa sababu kila tabaka imepewa nusu ya ilichohitaji.

Tena kila upande una gharama yake ya siri. Vipanua ngao huifanya meli ionekane kubwa zaidi kwa mizinga ya adui. Mabamba ya deraya huongeza uzito, ukawa mzito wa kugeuka. Aliyefunga vyote amejipa maradhi mawili kwa hiari yake.

Chukua Merlin ileile. Ina nafasi tatu za juu, nne za kati na tatu za chini, na faida yake ni ya ngao. Meli yenyewe inakuambia inataka nini. Juu weka blasta tatu za aina moja. Katikati weka aftabana, injini ya kuongeza mwendo, ya kumfikia adui, skrambla ya kumzuia asiruke, wavu wa kumpunguza mwendo, na kipanua ngao kimoja cha wastani. Chini weka kifaa cha kudhibiti madhara, kimoja cha kuongeza nguvu za mizinga ya haibridi, na nafasi ya mwisho uitumie kulingana na CPU iliyobaki. Kila kifaa kina kazi, na kazi zote zinaelekea sehemu moja: sogea karibu, shika, piga. Sasa mwone mgeni aliyeweka blasta mbili na religani moja, "ili niwe tayari kwa umbali wowote". Blasta ni ya karibu, religani ni ya mbali. Popote atakaposimama, sehemu ya silaha zake itakuwa imelala.

Bodi, kwa meli nyingi za mgeni, iache ilivyo.

"Kifaa kimoja kizuri, basi vinne ni vizuri mara nne"

Hapana. Vifaa vinavyoongeza kitu kilekile kwa asilimia, kama ukinzani au nguvu za mizinga, hupungua nguvu vinavyorundikwa. Cha kwanza hufanya kazi yote, cha pili asilimia 87, cha tatu asilimia 57, cha nne asilimia 28. Viwili ni kawaida, cha tatu kifikirie, cha nne tafuta kitu kingine. Mabamba na vipanua ngao haviingii kwenye adhabu hii kwa sababu vinaongeza idadi, si asilimia. Lakini hivyo navyo vina gharama tuliyokwisha kuitaja.

"Kapasita isiishe kamwe"

Kapasita ni akiba ya umeme wa meli, na dirisha la vifaa huonyesha kama itadumu milele au itaisha baada ya muda fulani. Wageni huona "itaisha baada ya dakika tatu" wakaingiwa na hofu, wakaondoa silaha ili kuweka vifaa vya kuchaji. Hesabu ile inachukulia kwamba umewasha kila kitu kwa mpigo bila kuzima. Pambano la frigeti mbili mara nyingi halifiki hata hizo dakika tatu. Kwa anayepiga maharamia wa kompyuta kwa saa nzima, sawa, kapasita ya kudumu ina raha yake. Na mwenye mizinga ya projektaili (ile ya risasi za kawaida) au makombora hahitaji kapasita kufyatua hata kidogo.

"Madhara ni madhara"

Yako ya aina nne: ya umemesumaku, ya joto, ya mgongano na ya mlipuko. Ngao ya kawaida ni dhaifu zaidi kwa umemesumaku, deraya ni dhaifu kwa mlipuko. Maharamia wa kompyuta nao wana tabia zao zisizobadilika: Guristas hupiga kwa mgongano na joto, na huumia kwa mgongano, Sansha na Blood Raiders hupiga kwa umemesumaku na joto. Ukijua unakwenda kwa nani, unabadilisha vifaa vya ukinzani kabla ya kutoka kituoni. Makombora na droni hukuruhusu kuchagua aina ya madhara, leza zimefungwa kwenye umemesumaku na joto tu. Watu wanaolalamika kwamba misheni fulani "haiwezekani" mara nyingi wamekwenda na leza mahali palipohitaji kitu kingine.

"Vifaa vya bei ghali ni uwekezaji, na haisek hakuna wa kunigusa"

Dhana hizi mbili huenda pamoja na huua pamoja. Haisek ni mifumo yenye kiwango cha usalama kuanzia 0.5 hadi 1.0, na polisi wake, CONCORD, huadhibu. Hawakingi. Anayekushambulia bila ruhusa meli yake italipuliwa, hilo ni hakika, lakini baada ya sekunde kadhaa, na sekunde hizo ni nyingi zaidi kwenye 0.5 kuliko kwenye 1.0. Genge la Catalyst, destroya za bei poa, linaweza kukumaliza ndani ya muda huo. Wanakubali kupoteza destroya zao kwa sababu wamekwisha kukukagua kwa skana na kujumlisha thamani yako. Meli ikilipuka, kila kifaa na kila mzigo una nafasi nusu kwa nusu ya kubaki ukielea, ukingoja wa kuuokota. Kifaa cha thamani kwenye meli ya bei rahisi ni tangazo.

Ya wachimba madini ni hiyohiyo. Venture, meli ya kuchimbia madini, ni ya amani, lakini imepewa pointi mbili za ziada za kuikwepa skrambla, na hazikuwekwa kama pambo. Fungia ngao, toa droni zako mbili, na uwe umegeukia kituo wakati leza zinakwangua mwamba.

"Niige tu mpangilio wa bingwa"

Kuiga si kosa. Mpangilio unabandikwa kwenye gemu kwa kunakili maandishi tu. Lakini bingwa aliufunga kwa ujuzi wake, na kwako CPU inaweza kukosekana, au kifaa kikakukataa. Kabla hujatoa hata ISK moja, sarafu ya gemu, ufungue kwenye dirisha la majaribio la gemu, ambalo linakuruhusu kufunga meli usiyokuwa nayo na kuona namba kwa ujuzi wako wewe. Angalia hasa rigi, yaani marekebisho yanayofungwa moja kwa moja kwenye meli: ukizitoa kwenye meli zinaharibika, kwa hiyo hazihamishwi kama vifaa vingine.

"Nina bima, nitafidiwa"

Bima inalipa meli tupu. Vifaa, rigi na mzigo havimo. Bila kununua bima yoyote utapewa asilimia 40 ya thamani ya meli. Ukilipia daraja la juu utapata zaidi, na mkataba hudumu wiki 12. Kwa frigeti tofauti ni ndogo kiasi kwamba wengi hawajisumbui. Kwa kruza na kwenda juu, lipia kabla hujatoka. Na ikiwa wewe ndiye uliyeanza fujo haisek, CONCORD wakakulipua, bima hailipi kitu.