Kambi za Wanazi: yanayosemwa na yaliyokuwa

"Kila aliyepelekwa kambini alipewa namba, akaishi humo."

Si kweli. Treblinka, Sobibor na Belzec, katika Poland iliyotekwa na Wanazi waliotawala Ujerumani, vilikuwa vituo vya kuulia watu, hasa Wayahudi. Wengi walishuka kwenye treni na kuuawa kwa gesi siku hiyo hiyo. Hata Auschwitz, kambi kubwa kuliko zote, kati ya watu wapatao milioni 1.3 waliofikishwa, walioandikishwa kuwa wafungwa ni kama 400,000 tu. Namba ya kuchanjwa mkononi, ambayo wengi hudhani ilikuwa ya kambi zote, ilitumika Auschwitz peke yake.

"Ilikuwa jela yenye kazi ngumu."

Dhana hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu inayafanya mauaji yaonekane kama adhabu. Mfungwa wa jela huijua siku yake ya kutoka. Huyu wa kambini, mara nyingi bila kufikishwa mahakamani, hakuwa na siku hiyo.

Aliamshwa kabla ya mapambazuko, akapewa maji meusi yaliyoitwa kahawa, kisha akapanga mstari kuhesabiwa. Waliokufa usiku nao walibebwa hadi uwanjani, maana hesabu ilipaswa kutimia. Julai 1940 mfungwa mmoja alitoroka Auschwitz. Wenzake wakasimamishwa tangu jioni hadi mchana wa siku ya pili. Kwa siku za kawaida, mchana ilikuwa supu ya mboga zilizochakaa, jioni kipande cha mkate cha gramu 300 hivi. Watu walihesabu nafasi zao kwenye foleni: supu ya juu ya pipa ni maji matupu, viazi viko chini. Aliyeibiwa bakuli alikosa hata hayo maji. Wanyapara waliteuliwa miongoni mwa wafungwa wenyewe, na aliyekataa kuwapiga wenzake aliweza kupoteza cheo chake na uhai pia.

Njaa ile ilipangwa. Chakula kilikuwa kidogo kuliko mahitaji ya kazi, kwa hiyo kazi yenyewe iliua.

"Ni habari ya Wazungu."

Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akafundisha Kiswahili Berlin. Alikamatwa mwaka 1941 kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, akafungwa kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo Novemba 1944.

"Walijiachia tu wauawe."

Treblinka waliasi Agosti 1943, Sobibor Oktoba mwaka huo huo. Birkenau, sehemu ya Auschwitz, Oktoba 7, 1944, wafungwa waliolazimishwa kuchoma maiti waliteketeza jengo mojawapo la tanuri. Baruti ilitoka kwa wanawake wa Kiyahudi waliofanya kazi kiwanda cha silaha, wakiitoa kidogo kidogo, imefichwa mwilini. Wanawake wanne waliohusika, akiwemo Róża Robota aliyeipitisha baruti hiyo kwa waasi, waliteswa ili wataje wengine. Walinyongwa Januari 1945, wiki chache kabla ya jeshi la Kisovieti kuingia Auschwitz tarehe 27.