Kasri la Lord Egerton: tuanze na ardhi

Wageni wengi wanaozuru Kasri la Lord Egerton, nje ya mji wa Nakuru upande wa Njoro, hutaka kujua jambo moja tu: je, ni kweli bwana huyu alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa? Mimi huwaomba tuanze na ardhi, maana ndiyo iliyotangulia.

Hapa palikuwa malisho ya Wamaasai. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliipa serikali ya kikoloni uwezo wa kuwakodishia walowezi mashamba kwa miaka 99, na Lord Delamere, mlowezi kutoka Uingereza, akapata takriban ekari 100,000 Njoro. Mwaka 1904 makubaliano yakatiwa saini ya kuwaondoa Wamaasai katika sehemu hii ya Bonde la Ufa. Waliahidiwa kwamba makao mapya yatakuwa yao maadamu kabila lao lipo. Mwaka 1911 waliopelekwa Laikipia wakahamishwa tena. Ahadi ya milele ilidumu miaka 7.

Kwa hiyo Maurice Egerton, ndiye Lord Egerton wa kasri hili, alipokuja kulima Njoro, alikuta ardhi iliyokwisha kupita mikononi mwa watu, na wenyewe wa kwanza hawakuwa wameiuza.

Egerton alizaliwa mwaka 1874. Alikuwa miongoni mwa marubani wa mwanzo kabisa wa Uingereza. Cheti chake cha mwaka 1910 kina namba 11. Mwaka 1920 alirithi cheo cha baba yake pamoja na jumba la Tatton Park, Cheshire. Kasri la Njoro alianza kulijenga mwaka 1938, akiwa mzee wa miaka 60 na ushei. Vita vikasimamisha kazi, likakamilika mwaka 1954. Lina vyumba zaidi ya 50 na ukumbi wa dansi wenye kinanda cha mabomba, lakini ukililinganisha na Tatton ni dogo. Halina handaki wala mizinga, wala halikupata kupigana vita. Ni nyumba ya shamba iliyovishwa vazi la ngome.

Aliishi humo miaka 4 tu. Alifariki Januari 1958 bila mke wala mtoto, na cheo kikafa naye. Tatton ikaenda kwa National Trust, shirika la uhifadhi la Uingereza.

Huku Kenya urithi wake ulishika njia nyingine. Mwaka 1939 alikuwa ametoa ekari 740 kwa shule ya kilimo ya vijana wa kizungu. Ikawa chuo mwaka 1950, ikaongezewa ekari 1,100 mwaka 1958, ikawafungulia milango watu wa rangi zote mwaka 1961, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Kasri nalo liko chini ya chuo hicho, na tangu mwaka 1996 ni mnara wa kumbukumbu wa taifa. Maana yake, hata mwenye mali hawezi kubomoa ukuta au kubadilisha sura ya jengo bila idhini.

Egerton alijulikana kwa kuwazuia wanawake wasikanyage kwake. Leo maharusi huja kufungia ndoa kwenye bustani zake, na hilo hunifurahisha kwa dhati. Ila ningependa pia mgeni asiondoke bila kusikia habari za ng'ombe waliolishwa hapa kabla jiwe la kwanza halijawekwa, na za watu waliowachunga.